Nina miaka tisa kwenye kuchomelea, sina cheti: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nipo Tandika, nina miaka 29. Kidato cha nne nilipata daraja la nne la pointi 33, D mbili tu, Kiswahili na Uraia. Nikaingia kwenye banda la shemeji Gerezani, nikafundishwa kazi. Sasa nina banda langu na kijana mmoja ninayemfundisha. Natengeneza mageti, grili, stendi za matangi, hata kenchi za chuma. Siku nzuri nabaki na elfu ishirini baada ya matumizi. Mwezi uliopita nilipeleka maombi kwa mkandarasi anayejenga maghala huku Barabara ya Nyerere. Walinipa kipande nichomelee, foremani akasifia, lakini ofisini wakauliza cheti. Sina. Wakasema watanichukua kama saidia fundi. Mjomba anataka nirudie kidato cha nne. Mke wangu anasema niende VETA miaka miwili. Rafiki yangu ameniletea tangazo la chuo Mbagala, diploma ya uchomeleaji miezi sita, milioni moja na laki mbili, hawaulizi matokeo. Nichague lipi? Na je, sijachelewa?

JIBU: Marahaba, fundi. Nianze na hilo la Mbagala, maana ndilo linaloweza kukumalizia hela kabla hujafikiria mengine.

Diploma, ambayo ofisini inaitwa stashahada, ni ngazi ya 6 katika mfumo wa elimu ya ufundi, ule wa NTA. Anayetoka kidato cha nne huanzia ngazi ya 4, akapanda ya 5, ndipo afike ya 6, na kwa kawaida kila ngazi hula mwaka. Hesabu yake ni miaka mitatu. Anayekuuzia safari hiyo kwa miezi sita bila kuuliza matokeo anakuuzia kitu kingine. Huenda ni kozi fupi iliyovishwa jina kubwa. Huenda ni karatasi ambayo siku ikipelekwa kuhakikiwa haitakuwa na mwenyewe. Kozi fupi sina ugomvi nayo, na hapo chini nitakushauri uchukue moja, lakini iitwe kozi fupi na ilipiwe bei ya kozi fupi.

Kukihakiki chuo ni jambo la dakika kumi. Waombe namba ya usajili, kisha itafute NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Zamani baraza hilo liliitwa NACTE na vyuo vya ufundi stadi havikuwa chini yake, lakini siku hizi navyo vimo. Angalia mambo mawili, kwamba chuo kimesajiliwa, na kwamba hiyo fani ya uchomeleaji imo katika fani walizosajiliwa kufundisha. Watu wengi huishia kwenye la kwanza. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa ushonaji na kompyuta, kisha kikatundika bango la uchomeleaji kwa sababu kimenunua mashine mbili. Na ukienda kutembelea, usikubali kuishia ofisini kwenye viti vya plastiki na vipeperushi. Omba kuiona karakana. Chungulia pipa la mabaki ya vyuma. Karakana inayofundisha kweli huzalisha mabaki mengi sana, na pipa likiwa tupu umeshapata jibu lako.

Mjomba wako si mjinga, ila anajibu swali ambalo hukuuliza. Kuingia ngazi ya 4 kwa njia ya kidato cha nne kunahitaji angalau ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Wewe unayo mawili. Ukijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukasoma jioni na kupata D mbili zaidi, mlango wa ngazi ya 4 utafunguka. Lakini ni mlango wa kuingia chumba gani? Ni chumba cha fundi sanifu. Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu mkanganyiko huu umepoteza miaka ya vijana wengi jijini hapa.

Kwenye hilo ghala la Barabara ya Nyerere kuna watu wa aina tatu. Mhandisi amepiga hesabu ya nguzo na kenchi na kutia saini. Fundi sanifu anauchukua mchoro wa mhandisi na kuugeuza kuwa kazi ya siku: chuma gani kikatwe, urefu gani, nani apime, nani akague. Fundi stadi ndiye anayekata, anayefunga na anayechomelea. Watu wa elimu ya ufundi hupenda kutaja uwiano wa 1 kwa 5 kwa 25, yaani mhandisi mmoja, mafundi sanifu watano, mafundi stadi ishirini na watano. Wewe uko kwenye wale ishirini na watano, ndio wanaotakiwa kwa wingi kuliko wote, na ndio ambao hakuna mzazi anayemwombea mwanawe awe mmoja wao. Hata vyuo vyetu vimeambukizwa hamu hiyo ya kupanda. DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, pale kwenye kona ya Bibi Titi na Morogoro ilianza mwaka 1957 kama taasisi ya kufundisha mafundi, na leo vijana wanapanga foleni kwa ajili ya digrii. Siwalaumu. Mshahara ndio unaowaambia wafanye hivyo.

Kwa hiyo, kama ndoto yako ni kushika mchoro na kusimamia wenzako, msikilize mjomba, ingawa hata hiyo ndoto ina njia nyingine ambayo nitaitaja. Kama unachotaka ni kulipwa kwa kazi unayoijua tayari, kurudia Historia na Baiolojia hakutakufikisha ofisini kwa yule mkandarasi.

Sasa mama watoto. Ushauri wake ni mzuri, ila hesabu zake zina shimo. Katika vyuo vya VETA, yaani vile vya mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ada ya kozi ndefu kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ni ndogo, na ndiyo maana watu huiangalia hiyo peke yake. Ila wewe si kijana wa miaka 17 anayelala kwa baba yake. Umesema siku nzuri unabaki na elfu ishirini. Tuseme wastani ni elfu kumi na tano, maana siku za mvua na siku za kukatika umeme nazo zipo. Siku ishirini na sita kwa mwezi ni 390,000. Miezi ishirini na nne ni 9,360,000. Hiyo ndiyo ada yako halisi ya VETA, na juu yake kuna wateja watakaohamia banda la jirani na kutorudi. Tena muhula mzima wa kwanza utafundishwa kushika tupa na kukata kwa msumeno wa chuma. Ni mafunzo mazuri, lakini ulishayapata Gerezani kwa kofi la kisogoni.

Kitu ambacho hakuna aliyekutajia ni RPL. Kwa Kiswahili cha serikali ni urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Jina refu, jambo fupi: huendi kufundishwa upya, unakwenda kupimwa. VETA wamekuwa wakifanya hivi kwa zaidi ya miaka kumi sasa kwa mafundi magari, waashi, maseremala, wapishi na wengineo, na Serikali, kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, imewagharamia mafundi wengi wa mtaani kwa njia hii. Unajiandikisha, mtathmini wa fani yako anakuja kukuona kazini au anakuita karakana, anakupa kazi ya mikono, anakuuliza maswali ana kwa ana. Panapopungua anapaandika, unapewa mafunzo mafupi ya kuziba hapo, kisha unatunukiwa cheti. Kutoka Tandika hadi VETA Chang'ombe hata nauli si ya kulalamikia. Nenda kaulize lini wanachukua kundi la wachomeleaji, na kama safari hiyo kuna ufadhili au mnajilipia. Majibu hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usitegemee ya aliyekwenda zamani.

Cheti chenyewe, kinachoitwa NVA, yaani tuzo ya taifa ya ufundi stadi, kiko katika ngazi tatu, I, II na III. Hapa kuna mtego mdogo wa kuchekesha. Mfumo wa zamani, ule wa majaribio ya ufundi ambao wazee bado wanauita greditesti, ulihesabu kinyume: gredi ya III ilikuwa ya chini na ya I ndiyo ya juu. Sasa ngazi ya I ndiyo ya chini na ya III ndiyo ya juu. Nimeshamwona ofisa mwajiri mwenye mvi akimkataa kijana wa NVA III akidhani ni wa mwisho. Ukikutana na wa namna hiyo, mweleze taratibu.

Ngazi utakayopewa itategemea umeonyesha nini siku hiyo, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Nimefundisha karakana kwa zaidi ya miaka ishirini, na kabla ya hapo nilikuwa kiwandani. Fundi wa mtaani akija kupimwa, najua karibu kila mara atateleza wapi. Si kwenye mkono.

Kwanza ni kile kilicho ndani ya mshono. Kuna fundi mmoja wa Buguruni aliyekuja kwetu akiwa na miaka 14 kazini. Tulimpa vipande viwili vya bati nene la milimita 10, kingo zimechongwa zikikutana zinafanya herufi V, na chini pameachwa pengo la milimita tatu hivi. Akachomelea. Mshono ulikuwa mzuri wa kutazama, umejipanga kama magamba ya changu. Wenzake wakaja kuusifu. Tukakata vipande viwili vyembamba kuvuka mshono, tukavisaga vikawa laini, tukaviweka kwenye mashine ya kukunjia, upande wa mzizi, yaani wa chini ya ile V, ukitazama nje. Cha kwanza kilikunjika kikawa kama kwato la punda, kizima. Cha pili kilifika nusu, kikalia ta! Kikafunguka. Ndani palikuwa na mstari mweusi wa ukoko, ule mnaouita slegi, umezikwa kati ya tabaka la kwanza na la pili. Hakuusafisha vizuri kabla ya kupitisha tabaka jipya. Akakishika kile kipande kikiwa bado cha moto ndani ya glavu, akakiangalia muda mrefu, akasema: "Miaka yote hii, hakuna mteja aliyewahi kunikunjia kazi."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Mteja wa geti anatazama kwa macho, na kesho yake unapaka redioksaidi, mambo yanaisha. Geti lina uvumilivu. Mshono wenye ukoko ndani utaishi miaka thelathini kwenye geti la Mbagala bila kusema chochote. Kenchi ya ghala haina uvumilivu huo, tangi la mafuta halina, bomba la gesi ndiyo kabisa. Foremani aliyekusifu aliona magamba ya changu. Ofisi iliyokuomba cheti ilikuwa inauliza, kwa njia yao ya kukera, kama kuna mtu aliyewahi kuikunja kazi yako.

Kwa hiyo kabla hujakwenda kupimwa, jikunjie mwenyewe. Huhitaji mashine. Chomelea vipande viwili, kata ukanda wa upana wa vidole viwili kuvuka mshono, saga, bana kwenye jiriwa, piga nyundo mpaka ukunje. Anza na vipande kumi. Utaumia roho kwenye vitatu vya kwanza.

Pili ni mchoro. Fundi yule yule nilimpa karatasi yenye alama ya mchomeleo: mshale, mstari wa kulala, pembetatu ndogo chini ya mstari, na namba 6 pembeni. Akaniuliza, "Mchoro nauona mwalimu, ila huyu mshale ananiambia nini?" Alikuwa anaambiwa hivi: weka mshono wa kona, mguu wake milimita 6, upande ule unaoguswa na ncha ya mshale. Pembetatu ingekaa juu ya mstari, ingekuwa upande wa pili. Huo ni mfumo wa Kimarekani, na ukiuelewa huo, wa Kizungu wa Ulaya hautakusumbua. Kujifunza alama hizi ni wiki mbili za jioni, na hakuna kitu kingine ambacho kwa wiki mbili kitakutenganisha na ulivyokuwa jana kama hiki. Gerezani hawafundishi kwa sababu geti halina mchoro, lina picha kwenye simu ya mteja.

Tatu ni vijiti vya kuchomelea. Nina hakika banda lako lina 6013 na labda hakuna kingine. Hakuna ubaya, kinawaka vizuri na hakichagui mashine. Ila kwenye maghala watakupa 7018, na watakuuliza maana ya namba. Sabini ni nguvu ya mshono, pauni 70,000 kwa inchi ya mraba. Moja ni kwamba kinachomelea mikao yote. Nane inaeleza aina ya ganda, ganda la haidrojeni kidogo. Na hapo pana siri yake: ganda hilo likinyonya unyevu, haidrojeni inaingia kwenye mshono, na ufa unaweza kutokea baada ya kazi kupoa, wewe ukiwa umeshakwenda kula. Ndiyo maana vijiti hivyo vikishafunguliwa hukaa kwenye oveni ya moto wa zaidi ya nyuzi 100. Dar es Salaam hii, yenye hewa ya kukamua kama taulo, boksi lililofunguliwa na kuachwa chini ya benchi halifai kwa kazi ya namna hiyo. Ukilijibu swali hili mbele ya mtathmini, atakutazama upya.

Nne, na hili nalisema haraka kwa sababu nimeshachoka kulisema: miwani ya jua si kinga ya kuchomelea. Mtathmini ataandika alama za usalama kabla hujawasha mashine. Na maziwa mnayokunywa mkishachomelea bomba la zinki yanakwenda tumboni, mafusho yalikwenda kwenye mapafu. Saga zinki pale unapochomelea, kaa upande unaotoka upepo.

Hayo manne, ukiacha la usalama ambalo ni la kununua ngao tu, unaweza kuyaziba kwa kozi fupi. Hii ndiyo kozi fupi niliyokuahidi. Uliza kozi za jioni za kusoma michoro na za uchomeleaji wa juu, bomba na argoni, hapo hapo Chang'ombe au kwenye chuo chochote ulichokihakiki kwa njia niliyokueleza. Mchana banda linafanya kazi, jioni unasoma. Utachoka, mkeo atanuna, lakini hiyo milioni tisa itabaki mfukoni.

Sasa kuna jambo ambalo hata wenye vyeti hawaambiwi. Ukishapata NVA, ukaenda kwenye kazi kubwa za matangi, mabomba au vyombo vya mgandamizo, watakupima tena papo hapo. Kwenye kazi za aina hiyo mchomeleaji hupimwa kwa utaratibu wa kazi ile ile, hata awe na vyeti vya kujaza begi. Mtihani maarufu ni ule wa 6G: bomba linafungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45 na halizungushwi. Wewe ndiye unayezunguka, unaanzia chini shingo imepinda, unamalizia juu. Kisha hukunjwa au hupigwa eksirei. Na ukipasi, sifa hiyo hailali: ukikaa zaidi ya miezi sita bila kuchomelea kwa njia ile, viwango vingi vya kimataifa vinakuhesabu umeshaipoteza na inabidi upimwe upya. Kwa hiyo cheti cha chuo ni cha kukupitisha getini. Ndani ya geti, siku zote, ni mkono na kile kipande kitakachokunjwa. Nakuambia hivi usije ukakasirika siku hiyo ukadhani wanakudharau.

Kuhusu hiyo nafasi ya saidia fundi. Nilisita kidogo hapa. Upande mmoja, ni matusi kwa mtu wa miaka tisa. Upande wa pili, utakaa karibu na michoro, utaona 7018 zikitoka kwenye oveni, utasikia lugha ya ukaguzi. Miezi mitatu ya hivyo ni shule. Mwaka mzima ni kunyonywa. Rudi kwao, mwombe foremani aliyekusifu akusindikize ofisini, waambie: nitaingia kwa miezi mitatu, iandikwe kwamba nikileta cheti au nikipasi jaribio lenu la kukunja, nabadilishiwa cheo na malipo. Wakikataa kuandika, wamekujibu. Banda lako mwachie kijana kwa kazi ndogo ndogo, na wewe ushike Jumamosi jioni na Jumapili.

Unaweza pia kuwauliza swali la adabu: je, mna mpango wa kuwasomesha mafundi? Waajiri wa Tanzania Bara wenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023. Wanailipa kila mwezi huku wakinung'unika, na wengi hawajawahi kupiga hata simu VETA kuuliza wafanyakazi wao wanaweza kupata nini. Nilipokuwa kiwandani, ambacho sitakitaja, tulimpeleka kijana mmoja kozi ya miezi minne. Akarudi anasoma michoro vizuri kuliko msimamizi wake. Mshahara haukuongezwa hata senti. Baada ya wiki sita akahamia kwa jirani kwa nyongeza ya elfu themanini. Meneja akaitisha kikao akasema, "Mnaona? Ndiyo maana hatusomeshi watu." Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake na nilinyamaza, na hilo bado linanikera kuliko alichosema.

Ile njia nyingine ya ufundi sanifu niliyosema nitaitaja ni hii: vyuo vingi vya ngazi ya 4 hupokea pia mtu mwenye NVA III aliyewahi kufanya mtihani wa kidato cha nne, hata kama D zake hazitimii nne. Masharti yanatofautiana kwa chuo na kwa kozi, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka unaoomba, mstari wa kozi unayoitaka. Ina maana NVA yako, ukiipandisha hadi III, inaweza kukufikisha kule kule alikokuelekeza mjomba bila kupitia tena Baiolojia. Mweleze hivyo, atapoa.

Uliuliza kama umechelewa. Hapana. Kwenye makundi ya urasimishaji niliyoyaona, wewe ungekuwa kijana wa darasa. Tulikuwa na mzee wa miaka 56 aliyekuja na mjukuu wa kumshikia miwani.

Cha kuanza nacho wiki hii hakihitaji hela. Mtathmini ataomba ushahidi wa kazi ulizofanya, na nina hakika huna, kwa sababu mafundi wetu wana picha za mageti yaliyokwisha kupakwa rangi, mwenye nyumba amesimama pembeni anacheka. Picha hiyo haionyeshi kitu. Kuanzia kazi ya kesho, piga picha kabla ya rangi. Sogea karibu mpaka mshono ujae kioo cha simu, weka sarafu ya mia mbili pembeni ili ukubwa uonekane. Kisha nunua daftari gumu, andika tarehe, kazi, unene wa chuma, kijiti, ampea, mtaa. Wateja watatu au wanne wakubwa waombe barua fupi yenye sahihi na namba ya simu. Ongeza barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA na hicho cheti cha pointi 33, usikifiche, kinaonyesha kwamba ulifanya mtihani.

Na huyo kijana wako mfungulie daftari lake leo hii, ukurasa wa kwanza aandike mwenyewe kwa mkono wake: siku aliyoanza, na kitu cha kwanza ulichomruhusu kuchomelea.